Mkono wa Nupukari

Nyaya tatu: wa kahawia ni ardhi,
mwekundu ni volti tano,
wa chungwa ndio wenye maneno.
Mota yenyewe ni ndogo kuliko kibiriti,
ya buluu, bei yake bakuli moja la tambi,
nami nimeipa kazi ya mtu aliyestaafu.

Mtu huyo ameketi ng'ambo ya meza,
miguu chini ya blanketi, anamenya chungwa:
Mjomba Tokuji, miaka thelathini na minne
mshika wenzo wa kituo cha Nupukari,
ambako reli iling'olewa na theluji sasa
hulala popote inapotaka.

Nimekijenga kituo upya juu ya mlango wa zamani:
paa la kadibodi, benchi, pipa la mchanga,
mlingoti, na mkono mwekundu wenye mstari mweupe.
Vitufe viwili. Cha kushoto, simama. Cha kulia, pita.

Kitufe kina tabia ya kinyume:
kisipoguswa husema moja, kikiguswa husema sifuri,
kama mtoto anayepiga domo mpaka umshike bega.
Tena kina kigugumizi. Nabonyeza mara moja,
kibati cha ndani kinadundadunda,
kidhibiti kinahesabu saba.
Ndipo nikakiandikia: ukisikia, usiamini.
Ngoja milisekunde ishirini, uliza tena.
(Kuna barua moja ningeijibu hivyo.)

Usiku wa kwanza mkono ulitapatapa.
Usiku wa pili ulitetema pale pale uliposimama,
mota ikivuma kama nzi ndani ya chupa.
Usiku wa tatu nikaipa mota betri zake yenyewe,
ardhi nikaziunganisha, nikapachika kapasita
nene kama ncha ya kidole changu cha mwisho,
na kimya kikaingia chumbani.
Nikabonyeza: nyuzi arobaini na tano.
Nikabonyeza: mlalo kamili, bila mtikisiko wa unywele.

"Huo si mkono wa Nupukari," akasema Mjomba,
kipande cha chungwa shavuni.

"Ukishuka, unavutwa na mtu. Kuna waya
wa mita mia sita; Januari hunywea, Julai hulegea,
na wewe unauegemea wenzo kwa tumbo zima.
Ukipanda, hakuna anayeupandisha. Uzito unaurudisha,
nao ukifika hupiga, ta! ukaruka,
ukapiga tena kidogo, ndipo ukatulia.
Wako unafika kama karani wa benki."

Siku tatu nimeufukuza mtetemo.
Siku ya nne nauomba urudi.
Shuka polepole, uzi mmoja mmoja.
Panda kwa kasi, pitiliza nyuzi sita,
rudi nne, pitiliza mbili, tulia.
"Zidisha," anasema. "Punguza. Hapo.
La, umepita."
Amefumba macho, anaisikiliza plastiki.

Saa kumi na dakika kumi na saba
akabonyeza cha kulia bila kuniambia sababu.
Mkono ukashuka. Kidole hakukitoa,
ingawa kitufe kinataka mguso tu.
Sikuuliza ilikuwa treni gani,
ya wanafunzi au ya maziwa.

Mahali fulani bondeni theluji ikaangusha nguzo.
Taa zikazimika, kidhibiti kikafa, mota ikanyamaza,
na mkono ukabaki pale pale ulipoachwa:
nyuzi arobaini na tano, gizani, pita.

"Waya wetu ukikatika," akasema,
"mkono hurudi kwenye simama. Wako je?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na tochi.
Akanyoosha kidole penye mwanga,
akausukuma mkono juu, gia zikilia kri-kri,
mpaka ukalala sawasawa.
"Haya," akasema. "Sasa katafute mishumaa."